Kufunga na kuseti supachaja kwenye injini ya LS3

LS3 ni V8 ya lita 6.2 ya General Motors, iliyoingia kwenye Corvette ya mwaka 2008 na kisha Camaro SS ya 2010. Ikitoka kiwandani inatoa farasi 430 hivi, ikivuta hewa yenyewe. Ukiifungia supachaja (pampu ya kuisukumia injini hewa, inayozungushwa na mkanda wa krenki) ya lita 2.3 na kuisukumia psi 6 hadi 8 (psi ni kipimo cha presha), farasi 550 kwenye krenki zinapatikana bila kufungua injini.

Tatizo ni kwamba LS3 haikutengenezwa kwa ajili ya kusukumiwa hewa. Kompresheni yake ni 10.7:1, wakati General Motors wenyewe walipounda ndugu zake wenye supachaja, LSA na LS9, waliishusha hadi 9.1:1. Pistoni zake ni za kusubu, aloi ya alumini yenye silikoni nyingi: ngumu, hazichakai haraka, lakini hazivumilii noki (petroli kulipuka yenyewe ndani ya silinda). Injini ikigonga mara chache ikiwa na mzigo mkubwa, kinachokatika kwanza ni ukingo mwembamba unaoshika ringi ya juu. Kwa hiyo kila uamuzi hapa chini, kuanzia ukubwa wa puli hadi digrii ya mwisho ya taimingi (wakati cheche inaporuka), unachukuliwa kwa kuilinda pistoni.

Pima injini kabla ya kununua kiti (furushi la vipuri vya supachaja)

Pima kompresheni ya silinda zote nane injini ikiwa moto, throtoli ikiwa wazi kabisa, plagi zote zikiwa nje. Silinda zisipishane zaidi ya asilimia 10. Kitabu cha kiwanda kinaruhusu tofauti kubwa zaidi ya hiyo, ila kinazungumzia injini isiyosukumiwa. Fuata na kipimo cha uvujaji: silinda inayopoteza zaidi ya asilimia 10 irekebishwe kwanza. Sikiliza hewa inatokea wapi. Ikisikika kwenye kijiti cha oili ni ringi, kwenye ekzosi ni valvu ya kutolea moshi, na mapovu kwenye rejeta ni gasketi ya hedi.

Unganisha kifaa cha kusoma kompyuta uendeshe gari kawaida. Hitilafu ndogo ambayo leo huisikii, kama koili iliyochoka, itakuwa misifaya (silinda kukosa kuwaka) ya kutisha ikipata presha. Gari la gia za mkono likiwa na klachi inayoteleza kwenye gia ya tano, badilisha klachi kwenye kazi hiihii.

Supachaja na puli

Supachaja za sentrifugo hukaa pembeni ya injini na presha yake hupanda pamoja na mizunguko; ni nzuri kwa mwendo wa juu na hupasha hewa kidogo. Mwongozo huu ni wa aina inayokaa juu ya injini mahali pa manifoldi, yenye rota mbili za kusukuma, hasa Eaton TVS2300 inayotumiwa na watengenezaji wengi wa viti. Hii hutoa presha tangu mizunguko 2,000.

Presha inaamuliwa na uwiano wa puli. Gawa kipenyo cha puli ya krenki kwa kipenyo cha puli ya supachaja. Tuseme ya krenki ni mm 190 na ya supachaja ni mm 90: uwiano ni 2.11. Kila krenki inapozunguka mara moja, supachaja inasukuma lita 2.3 × 2.11, yaani lita 4.85, na injini yenyewe ina uwezo wa kumeza lita 3.1 kwa mzunguko. Ukigawa unapata 1.56, na hiyo kando ya bahari ni kama psi 8 juu ya hewa ya kawaida. Hesabu hii ya haraka haihusishi joto wala uvujaji wa rota, ila inakuonyesha uko eneo gani kabla hujatoa pesa. Mizunguko ya supachaja nayo uihesabu: 6,600 × 2.11 ni karibu 13,900. Linganisha na kikomo kilichoandikwa na mtengenezaji wa kiti chako. Ukibadilisha puli ya mm 90 kwa ya mm 84, uwiano unakuwa 2.26 na rota zinafika 14,900. Baada ya hapo unachoongeza kwa kiasi kikubwa ni joto.

Kwa pistoni na ringi za kiwanda, simama kwenye psi 8. Anayetaka 12 au 15 afungue injini: pistoni za kufua, kompresheni kama 9.5:1, stadi za hedi badala ya bolti za kiwanda, na mwanya wa ringi ya juu wa takriban mm 0.62 kwa silinda ya mm 103.25. Ringi za kiwanda zina mwanya mdogo kuliko huo. Zikipata joto la presha kubwa ncha zake hugusana, ringi hukwama, na pistoni hukatika hata kama hakukuwa na noki.

Vya kuwa navyo mezani

Mbali na kiti chenyewe, andaa nozeli za petroli kubwa zaidi, plagi baridi zaidi kwa hatua moja (NGK TR6 inatosha), sensa ya MAP (presha ya hewa ndani ya manifoldi) ya bar 2 au zaidi, kiti cha pini za krenki pamoja na bolti mpya ya dampa (puli ya krenki), kopo la kunasia mvuke wa oili lenye valvu ya kuzuia kurudi, kipima lambda (uwiano wa hewa na petroli; chini ya 1 ni petroli nyingi) cha bendi pana, na tokirenchi mbili: ndogo ya Nm 5 hadi 25 na kubwa inayofika Nm 330.

Ukubwa wa nozeli unapatikana hivi. Farasi 550 × 0.62, ambayo ni pauni za petroli kwa kila farasi kwa saa kwenye injini yenye supachaja, ni pauni 341 kwa saa. Gawa kwa nozeli 8, kisha gawa kwa 0.85 ili nozeli isifunguke zaidi ya asilimia 85 ya muda wake. Jibu ni pauni 50. Za kiwanda ni 42. Chukua za 60, karibu cc 630 kwa dakika, na usinunue zisizokuja na jedwali la data zake. Nozeli za bei poa zisizo na data zitakula muda wa kuseti kuliko pesa ulizookoa.

Kufungua

Toa terminali hasi ya betri. Kabla ya hapo, toa fyuzi ya pampu ya petroli na uiache injini ijizime yenyewe ili presha ya reli iishe. Mwaga kulanti. Ondoa throtoli, reli na manifoldi ya kiwanda. Bolti zake ni kumi.

Kabla hujainua manifoldi, puliza na kunyonya uchafu wote uliolala kwenye bonde la V na kuzunguka milango ya hedi. Mchanga na vipande vya majani hujazana pale, na kikiingia kimoja kitakaa juu ya pistoni. Manifoldi ikishatoka, ziba milango yote minane kwa mkanda wa karatasi hapohapo, usingoje. Sensa ya presha ya oili iko nyuma ya injini kwa juu. Ikiwa ni ya zamani ibadilishe sasa, maana ukishaweka supachaja hutaifikia tena bila kuishusha.

Pini za krenki

Puli ya krenki ya LS haina kabari ya kuizuia isizunguke. Inashikwa na msuguano wa bolti moja tu. Supachaja inapohitaji farasi 60 au zaidi kupitia mkanda, msuguano huo unaweza kushindwa: dampa inateleza kwenye krenki, inachana shafti, na wakati mwingine gia ya pampu ya oili iliyo nyuma yake inalegea pia. Fundi wengi huruka hatua hii kwa psi 6 na gari likatembea. Sisi tunasema iwekwe, kwa sababu kuirekebisha krenki iliyochanika ni kuishusha injini nzima.

Toa bolti ya dampa. Funga kielekezi cha keekee kinachokuja na kiti cha pini mahali pa bolti, ukikaze kisicheze. Paka keekee grisi nzito ili inase chembe za chuma. Chimba polepole, toa keekee kila baada ya milimita tatu au nne, ifute, paka grisi tena. Tundu linapita kwenye mshono kati ya dampa na krenki, nusu huku nusu kule, kwa kina kilichoandikwa kwenye kiti. Malizia kwa rima, futa kwa sumaku na kitambaa chenye kisafisha breki, kisha gonga pini kwa nyundo ndogo hadi izame kidogo chini ya uso. Rudia upande wa pili.

Dampa ikiwa imetolewa kabisa kwa ajili ya kubadilisha sili, isukume kwa kutumia bolti ya zamani hadi Nm 330. Itoe bolti hiyo, weka mpya, kaza Nm 50 kisha digrii 140. Bolti ya kiwanda hunyooka inapokazwa na haitumiki mara mbili. Bolti za kampuni nyingine zina vipimo vyake, vifuate hivyo.

Kufunga juu

Plagi kwanza, kwa sababu nafasi bado ipo. Weka mwanya wa mm 0.9 na ukaze Nm 15 hedi ikiwa baridi. Mwanya ukiwa mkubwa, hewa nzito ndani ya silinda huikatalia cheche kuruka.

Futa uso wa hedi kwa kisafisha breki, panga gasketi mpya, hakikisha kiti ni cha hedi za milango ya mstatili. Kiti cha LS1 au LS2 chenye milango ya umbo la dirisha la kanisa hakilingani na LS3 hata kama bolti zinaingia. Shusha supachaja wima, watu wawili, bila kuiburuza juu ya gasketi. Ingiza bolti zote kwa mkono kabla ya kukaza hata moja. Kaza kuanzia katikati kwenda nje, mzunguko wa kwanza Nm 5, wa pili Nm 10, isipokuwa kiti kiseme vingine.

Mkanda unataka jicho. Laza rula ndefu ya chuma kwenye uso wa puli ya krenki na ya supachaja. Ikionyesha upishano wa zaidi ya mm 1, weka au punguza wosha hadi zinyooke. Tenshena ikae katikati ya mwendo wake, isigonge mwisho.

Mfumo wa kupoza hewa hujitegemea: rejeta ndogo mbele, pampu ya umeme, tangi, na maji yanayopita ndani ya supachaja. Pampu ikae chini kabisa ya mfumo, chini ya tangi, na ipate umeme kupitia relei yenye fyuzi yake. Changanya kulanti na maji yaliyosafishwa nusu kwa nusu. Palipo na joto daima kama Muscat au Mombasa robo ya kulanti inatosha kuzuia kutu, na maji mengi hubeba joto vizuri zaidi. Jaza, washa pampu bila kuwasha injini, na utazame ndani ya tangi. Maji lazima yaonekane yakizunguka kwa nguvu. Yakitulia kuna hewa imekwama. Inua pua ya gari na ukamue mipira mpaka mapovu yaishe.

Bomba la mvuke wa krenki kwenda kwenye manifoldi liwekewe valvu ya kuzuia kurudi. Bila hiyo, presha itaingia kwenye sampu na oili itatokea kwenye sili.

Petroli

LS3 ya Camaro na Corvette hutumia reli isiyo na bomba la kurudisha, presha ikiwa psi 58 bila kubadilika. Manifoldi ikiwa na psi 8, nozeli inasukuma dhidi ya presha hiyo, kwa hiyo kinachobaki ni psi 50, na mtiririko unapungua kwa asilimia 7 hivi. Kompyuta lazima ijue hilo kupitia jedwali la nozeli, la sivyo lambda itapanda palepale presha inapopanda. Funga geji au sensa kwenye reli. Presha ikishuka zaidi ya psi 3 ukikanyaga mpaka mwisho, pampu au waya wake haitoshi. Ongeza pampu ya msaada au weka kubwa kabla ya kuendelea. Hakuna kuseti kunakoweza kuficha pampu inayochoka.

Soma oktani kwenye pampu ya kituo, usitegemee jina la petroli. Namba ya Marekani ya 91 ni takriban 95 au 96 kwa RON, kipimo cha oktani cha nchi nyingine nyingi, na viti vingi vya supachaja huja na seti ya kuanzia (programu ya kompyuta ya injini) iliyoandikwa kwa petroli hiyo. Ukiwa na RON 91 au 93 ya kawaida, punguza presha hadi psi 5 au 6 na ukubali farasi wachache.

Kuwasha mara ya kwanza

Usiwashe kwa seti ya kiwanda. Ingiza seti ya kuanzia yenye data za nozeli mpya na kipimo cha sensa mpya ya MAP. Fungua swichi bila kuwasha, usome MAP: kando ya bahari iseme karibu kPa 101, Nairobi karibu 82. Ikisema tofauti, kipimo cha sensa kimeingizwa vibaya, na kila kitu kitakachofuata kitakuwa kibovu. Fungua na kufunga swichi mara tatu huku ukitazama reli kwa uvujaji.

Washa. Mlio mwembamba wa filimbi ni wa kawaida. Injini ikitulia, valvu ya kupitisha hewa pembeni iwe wazi na MAP isome vakyumu. Ikisoma karibu na hewa ya kawaida, kuna uvujaji kwenye gasketi au mpira uliosahaulika.

Kuseti

LS3 hutumia kompyuta ya E38, na programu kama HP Tuners hufungua majedwali yake. Sensa ya joto la hewa ya kiwanda iko pamoja na MAF (sensa ya kupima hewa inayoingia), kabla ya supachaja, kwa hiyo inasoma hewa ya nje. Peleka nyaya zake kwenye sensa iliyo ndani ya manifoldi baada ya kipoza. Hii ni ya lazima. Hewa ya digrii 30 ikigandamizwa kwa psi 8 hutoka kwenye rota ikiwa na takriban digrii 90. Ya digrii 45 hupita 105. Kompyuta isiyoliona joto hilo haiwezi kuchelewesha moto kwa wakati.

Anza na mwendo wa kawaida bila presha. Rekebisha jedwali la MAF, kisha la ujazo (hewa inayojaa silinda), hadi marekebisho ya petroli yakae ndani ya asilimia 5 juu au chini. Usiguse presha kabla ya hapo.

Kisha weka lambda ya kukanyaga mpaka mwisho kuwa 0.78 kwa kuanzia, na uondoe ucheleweshaji wowote wa kuongeza petroli. Uongezaji uwe umeshaanza manifoldi inapofika kPa 90. Taimingi kwenye eneo la presha ianze digrii 12. Endesha kwenye dyno (mashine ya kupimia nguvu za gari), au uwanja uliofungwa, gia ya nne. Mkanyago wa kwanza uishie mizunguko 4,000. Zima, soma rekodi: MAP, lambda, taimingi, noki, joto la manifoldi, presha ya reli, asilimia ya nozeli. Kila kitu kikiwa sawa nenda 5,000, kisha 6,200.

Lambda ikishatulia, isogeze kuelekea 0.80 au 0.82. Ongeza taimingi digrii moja kila mara na upime nguvu. Digrii isiyoongeza nguvu irudishe na upunguze nyingine moja. Kwa petroli nzuri na psi 8, LS3 nyingi huishia kati ya 15 na 18. Mwingine atakuonyesha 21 kwenye dyno asubuhi yenye ubaridi. Hiyo si namba ya kuendea barabarani.

Weka jedwali la kuchelewesha moto kwa joto: kuanzia digrii 45 za manifoldi, ondoa digrii moja ya taimingi kwa kila nyuzi sita. Kompyuta ikionyesha imepunguza taimingi zaidi ya digrii 2 kwa sababu ya noki, acha kukanyaga. Kuna mtego mmoja: sensa za noki zinaweza kudanganywa na kelele ya kubadilisha gia au ya kipande kilicholegea. Angalia plagi kwa kioo cha kukuzia. Vidoto vidogo vinavyong'aa vya alumini kwenye kaure ni pistoni inayeyuka, na hapo hakuna mjadala wa sensa.

Mwinuko

Supachaja huzidisha hewa iliyopo. Aliyeko Nairobi, penye kPa 82, akitaka aone psi 8 kwenye geji atahitaji puli inayozidisha kwa 1.67. Gari hilohilo likiteremka Mombasa linazidisha kPa 101, na geji inasoma karibu psi 10. Pistoni haijui geji ilisoma nini Nairobi. Chagua puli kwa hesabu ya usawa wa bahari, hata kama gari linakaa bara, na jaza seli za juu za majedwali ingawa huzifikii nyumbani.

Dalili na chanzo chake

Presha ikipanda vizuri kisha ikashuka juu ya mizunguko 5,000, mkanda unateleza. Utaona vumbi jeusi kuzunguka puli. Usikimbilie tenshena kali zaidi. Hakikisha kwanza puli zimenyooka na hakuna oili kwenye mkanda.

Presha ikiwa chini tangu mwanzo, kagua valvu ya kupitisha hewa pembeni na mpira wake wa vakyumu. Ikikwama wazi, hewa inazunguka ndani ya supachaja na kupashwa bila kuingia kwenye injini. Ikikwama imefungwa, gari linanguruma hata ukienda taratibu, na hewa ya manifoldi inapata joto bila sababu.

Joto la manifoldi likipanda kila mkanyago na lisishuke ukienda pole, gusa mipira miwili ya kipoza. Mmoja ukiwa moto na mwingine wa baridi, pampu imekufa au kuna hewa.

Misifaya juu ya psi 6 tu, huku lambda ikiruka juu ghafla, kwa kawaida ni mwanya wa plagi au koili. Mlio wa kokoto injini ikiwa imetulia, unaokwisha ukikanyaga kidogo, ni kiungo cha chemchemi kati ya puli na rota. LSA za kiwanda zinajulikana kwa hilo. Kinabadilishwa.

Baada ya kilomita 500, kaza upya klampu za maji na ukague mkanda, angalia oili kwenye kopo la mvuke, kisha badilisha oili ya injini na ukate filta kutafuta chembe zinazong'aa.